Meli ya kitalii Karibi: mzazi mwenye shida ya miguu achague matembezi gani?

Familia nyingi za hapa kwetu zina mtoto Marekani, na siku hizi mwaliko si wa kwenda kumwona mjukuu tu. Mtoto anayefanya kazi Texas, Minnesota au Georgia anapiga simu na kusema: "Mama, ukija Desemba tutakupeleka visiwa vya Karibi kwa meli, wiki nzima." Mama anafurahi, anawaambia majirani. Jambo ambalo hasemi ni kwamba goti lake la kulia limemsumbua tangu mwaka juzi, na kanisani hukaa benchi la nyuma ili asipite katikati ya watu akichechemea.

Meli yenyewe haina shida kubwa kwa mtu wa namna hiyo. Ni kama hoteli ya ghorofa nyingi inayoelea: ina lifti, viti viko kila kona, na ukichoka chumba chako kiko humo humo. Shida huanza asubuhi meli inapofika kisiwani. Meli hizi huondoka bandari za Marekani kama Miami, Fort Lauderdale au Galveston, husafiri usiku, na mchana husimama kisiwa kimoja kwa saa chache. Hapo abiria hushuka kwa kile kinachoitwa matembezi ya nchi kavu: kwenda ufukweni, kuona magofu, kuzunguka mji kwa basi, kupanda maporomoko. Matembezi haya hulipiwa kando na nauli, na mengi huweza kuchaguliwa kabla ya safari. Mwenye kuchagua kwa kawaida ni mtoto, akiwa na simu mkononi, akiangalia picha nzuri. Picha hizo hazionyeshi ngazi.

Ukipokea mwaliko kama huu, au ukiwa wewe ndiye unayempeleka mzazi, usianze kwa kuuliza mahali gani panapendeza. Uliza njia ya kutoka melini mpaka hapo ikoje.

Je, meli inafunga gatini au inatia nanga?

Hili ndilo la kwanza, na wengi hawalijui mpaka wamefika. Kuna bandari ambako meli husogea mpaka gatini na abiria hushuka kwa daraja lenye reli pande zote. Mtu mwenye mkongojo hupita polepole. Mwenye kiti cha magurudumu husukumwa. Na kuna bandari ambako meli hutia nanga mbali, kisha watu hushushwa kwenye boti ndogo zinazowapeleka ufukweni.

George Town, katika kisiwa cha Grand Cayman, ni bandari ya nanga. Haina gati la meli hizi kubwa, na mwaka 2025 wananchi wa visiwa vya Cayman walipiga kura wakakataa lijengwe. Belize City nayo ni ya nanga: maji yake ni ya kina kifupi na kuna miamba ya matumbawe, hivyo meli husimama kilomita kadhaa kutoka mjini.

Kushuka kwenye boti ni jambo gani hasa? Unafika kwenye mlango wa chini wa meli. Boti iko mbele yako, inapanda na kushuka na mawimbi. Kati ya meli na boti kuna nafasi, na unapaswa kuivuka kwa hatua yako mwenyewe huku mabaharia wamekushika mikono. Katika kampuni nyingi mabaharia hawaruhusiwi kukubeba. Kiti cha magurudumu cha kukunja hupitishwa kando, lakini kigari kizito cha betri mara nyingi hubaki melini. Zipo meli zenye vifaa vya kusaidia zaidi, ila neno la mwisho ni la wahudumu wa siku hiyo, kwa jinsi bahari ilivyo saa hiyo. Mtu anaweza kuwa na tiketi ya matembezi mkononi, na akaambiwa kwa heshima kwamba leo hashuki.

Kwa hiyo kama mzazi hawezi kuvuka mfereji mdogo bila kuinuliwa, angalia kwanza ratiba ya meli yenyewe kabla ya kuangalia matembezi. Safari mbili za wiki moja, za bei zinazokaribiana, zinaweza kutofautiana kabisa: moja ina bandari mbili za nanga, nyingine haina hata moja. Kampuni ya meli au wakala wa safari hutakiwa kukujibu swali hili kabla hujalipa.

Neno "rahisi" halitoshi

Kampuni huweka alama kwenye kila tembezi: rahisi, ya wastani, ngumu. Nyingine huongeza picha ya kiti cha magurudumu. Alama hizo zinasaidia kuondoa yale yasiyowezekana, lakini si za kutegemewa peke yake. Mara nyingi picha ile ya kiti ina maneno madogo chini yake: kiti kiwe cha kukunja, na mwenye kiti aweze kupanda ngazi za basi. Sasa kama angeweza kupanda ngazi za basi kwa wepesi, huenda asingehitaji kiti.

Tena yapo matembezi yanayoonekana ya kukaa tu, kumbe mlango wake ndio kazi. Mfano ni chombo cha kitalii kinachozama chini ya maji ili watu waone samaki dirishani, kinachopatikana Grand Cayman na kwingineko. Ukishakaa ndani, umekaa. Lakini kuingia ni kwa kushuka ngazi iliyosimama karibu wima, kupitia tundu, na kutoka ni kwa kuipanda hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa lile fungu maarufu la mchanga la Grand Cayman ambako watu husimama majini pamoja na samaki aina ya taa. Maji ni ya kiunoni na ni tulivu, ila kutoka kwenye boti unashuka kwa ngazi, na kurudi unapanda ukiwa umelowa na umechoka.

Uliza kwa hesabu. Kutoka gatini hadi kwenye basi ni mita ngapi? Basi lina ngazi ngapi, au lina lifti ya kiti? Ardhi ni lami, mawe, au mchanga? Mtu anatembea dakika ngapi bila mahali pa kukaa? Kuna kivuli? Choo kiko wapi, na ni baada ya muda gani? Swali hili la mwisho watoto huliona dogo, lakini mzee anayekunywa dawa za presha anajua uzito wake. Ukijibiwa "ni rahisi tu, hata wazee huenda", rudia swali lako.

Mifano ya bandari

Ocho Rios, Jamaika, watu humiminika maporomoko ya Dunn's River. Ni maji yanayoteremka juu ya mawe kwa karibu mita 180, na wageni huyapanda wameshikana mikono, mawe yakiwa yameloa na yanateleza. Kwa mwenye goti bovu, hapana. Kuna ngazi pembeni kwa wanaotaka kutazama tu, lakini nazo ni ngazi.

Cozumel, Meksiko, ni kinyume chake: ina magati, na mji wa San Miguel una njia tambarare kando ya bahari ambako mtu anaweza kwenda kidogo, akakaa, akanywa maji ya dafu akitazama meli. Lakini hapo hapo Cozumel huuzwa safari ya kwenda kuona magofu ya Wamaya ya Tulum. Magofu hayo hayako kisiwani. Unapanda kivuko kwenda bara, ambacho siku ya upepo hurusha watu, kisha basi kwa muda mrefu, kisha unatembea juani kwenye ardhi isiyo sawa, halafu yote hayo tena kwa kurudi. Nani angejua kwa kusoma kichwa cha tangazo tu?

Nassau, Bahamas, meli hufunga gatini, ila gati ni refu na meli zikiwa nyingi unaweza kutembea sana kabla hujafika getini. Kivutio kimoja cha mji ni Ngazi za Malkia, ngazi zaidi ya 60 zilizochongwa kwenye mwamba na watumwa mwishoni mwa karne ya 18. Hapo mzee anaweza kufikishwa kwa gari na kusimama chini akaziona zote. Historia yake haihitaji kupandwa.

San Juan, Puerto Rico, mji wa kale uko karibu kabisa na meli, lakini mitaa yake ina miteremko na baadhi imetandikwa mawe ambayo magurudumu hayayapendi. Willemstad, Curaçao, ni tambarare zaidi. Kuna daraja la mbao linaloelea, la tangu mwaka 1888, ambalo hufunguka kupisha vyombo. Mzee akikaa kando ya maji kuliangalia likifunguka na kufungwa, hilo tayari ni tembezi. Philipsburg, Sint Maarten, ina njia ndefu ya miguu iliyo sawa ufukweni, yenye mahali pa kukaa.

Ufukwe una shida yake. Kiti cha kawaida cha magurudumu huzama mchangani. Vipo viti maalumu vya mchanga vyenye matairi mapana. Kisiwa cha Castaway Cay, kinachotumiwa na meli za Disney, huwa navyo, na kina gati. Viti hivyo ni vichache, anayewahi ndiye anayepata, na lazima awepo mtu wa kusukuma.

Sheria haishuki nawe

Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba inaweza kuzigusa hata meli za kitalii zenye bendera ya nchi nyingine zikiwa kwenye maji ya Marekani. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani viko chini ya sheria hiyo. Ukishuka Jamaika, Belize au Meksiko, basi la kule linafuata sheria za kule. Magari yenye lifti ya kiti ni machache katika visiwa vingi, kwa hiyo huagizwa mapema, si siku ya kufika.

Jingine linalowashangaza watu: kiti cha magurudumu ambacho wahudumu humletea mzee siku ya kupanda meli kwa kawaida ni cha kupandia na kushukia tu. Hamtazunguka nacho mjini. Mnabeba chenu, au mnakodi kwenye kampuni inayokileta hadi chumbani.

Pima nyumbani, useme ukweli

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na kosa si la kampuni. Mtoto anauliza, "Baba, unaweza kutembea?" Baba anajibu, "Naweza, nitajikaza." Mtoto ametumia pesa nyingi, baba anaona haya kuwa mzigo. Jibu hilo linampeleka kwenye tembezi la saa tano juani, na anarudi melini amevimba mguu kwa siku zote zilizobaki.

Wiki chache kabla ya safari, pimeni. Kutoka nyumbani hadi dukani ni dakika ngapi, na mzee anasimama kupumzika mara ngapi? Anapanda matatu au daladala mwenyewe, au konda humvuta mkono? Akiketi kwenye kigoda anainuka peke yake? Kisha mwandikieni mtoto ujumbe ulio wazi, kama huu:

"Baba anatembea dakika 10, halafu lazima akae. Ngazi 5 anaweza akishika reli, zaidi ya hapo hapana. Kuvuka kuingia kwenye boti hawezi. Anahitaji choo kila saa moja na nusu."

Ujumbe huo mtoto anaweza kuutafsiri na kuupeleka kitengo cha kampuni kinachohudumia wasafiri wenye mahitaji maalumu. Aufanye hivyo mapema, kwa maandishi, na majibu ayatunze.

Kununua melini au kwa dereva wa kule?

Matembezi ya kampuni ya meli kwa kawaida ni ghali zaidi na watu huwa wengi. Kundi haliwezi kumngoja mzee mmoja. Faida yake ni kwamba basi likichelewa, meli kwa kawaida hulingoja kundi lake. Dereva wa kukodi huenda kwa mwendo wenu na husimama mnapotaka, jambo ambalo kwa mzee ni zuri kuliko yote, lakini mkichelewa meli haitawangoja. Tazameni pia saa: saa ya meli na saa ya kisiwa huweza kutofautiana, na inayowahusu ni ya meli. Mimi ningechagua dereva pale ambapo meli imefunga gatini na mzunguko ni mfupi, na tembezi la meli kila mahali palipo mbali.

Na kuna siku mzee ataamka, aangalie boti zinavyorushwa na mawimbi, aseme leo nabaki. Meli huwa tulivu siku hiyo, chakula kipo, na kisiwa kinaonekana chote kutoka juu. Muhimu ni kufuta tiketi ya tembezi kabla ya muda wa mwisho, ambao umeandikwa kwenye tiketi yenyewe. Ukipita, pesa mara nyingi hairudi. Meli ikighairi kushusha watu kwa sababu ya bahari, matembezi yaliyonunuliwa kwa kampuni hiyo kwa kawaida hurudishiwa pesa. Kwa dereva wa nje, hilo mkubaliane naye kabla ya kumpa malipo ya kwanza.