Kabla ya Kununua Programu ya Vokseli, Uliza Gemu Inakula Faili Gani

Ukitengeneza mlango wa mbao wa mita 2 kwa ajili ya gemu ya Teardown, utaupa kimo cha vokseli 20, kwa sababu humo vokseli moja ni sawa na sentimita 10. Unachagua rangi ya kahawia iliyokolea, unaupaka, unauhifadhi, unauingiza kwenye gemu. Unashika nyundo uubomoe, na mlango unagoma kama bamba la chuma. Macho yako yanaona mbao, gemu inaona chuma. Teardown haijali rangi uliyopaka. Inajali rangi hiyo imekaa kisanduku gani kwenye paleti, yaani kwenye orodha ya rangi za faili. Visanduku hivi ni vya kioo, vile vya mbao, vile vya chuma. Kahawia yako uliichota kwenye kisanduku kisichokuwa cha mbao.

Naanza na mlango huu kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza kuhusu programu za vokseli huanza na bei: ipi ni ya bure, ipi ni nafuu, ipi inafaa kuwekewa akiba. Swali hilo ni la haki kabisa kwa mtu anayehesabu hadi bando la kupakua. Ila linatakiwa kuja la pili. La kwanza ni gemu unayotaka kuitengenezea modi inakubali faili ya aina gani, na ndani ya faili hiyo inasoma nini.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Pikseli ni kidoti cha rangi kwenye picha bapa. Vokseli ni ndugu yake mwenye urefu, upana na kimo: mchemraba mdogo unaoupanga juu ya mwingine, kama mtoto anavyojenga nyumba kwa viberiti. Na modi ni nyongeza au badiliko ambalo mchezaji analitengeneza mwenyewe na kuliingiza kwenye gemu iliyokwisha kutengenezwa na wengine.

Kwa Teardown, gemu ya kampuni ya Tuxedo Labs ya Uswidi iliyokamilika mwaka 2022, jibu liko wazi. Inasoma faili za .vox, na programu iliyozaa mfumo huo wa faili ni MagicaVoxel. Haiuzwi. Unaruhusiwa hata kuitumia kwa kazi ya biashara. Inafanya kazi kwenye Windows na Mac, na kila kifaa unachokijenga ndani yake unaweza kukipa jina, kisha gemu ikakiita kwa jina hilohilo. Paleti yake unaiona muda wote pembeni, kisanduku kwa kisanduku, na hapo ndipo tatizo la ule mlango linapomalizwa: unachukua faili yenye paleti iliyokwisha kupangwa kwa ajili ya Teardown, unachota rangi kwenye safu ya mbao, basi.

Nitoe tahadhari moja kuhusu MagicaVoxel. Ina uwezo wa kutoa picha za kupendeza mno, zenye mwanga laini na vivuli kama vya jioni, na wengi huipenda kwa picha hizo. Hazina kazi kwenye modi. Gemu ina mwanga wake na vivuli vyake. Inachukua maumbo, paleti na majina uliyovipa vifaa, si picha hizo. Kama kompyuta yako ni ya zamani na inahema ukifungua upande huo wa picha, usivunjike moyo. Jenga, hifadhi, ondoka.

Mwenye kompyuta ya Linux, au mwenye simu ya Android tu, atafute Goxel. Kwenye kompyuta nayo ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Mimi naithamini sana kwa hilo, maana programu ya namna hii haifi mwenyewe akichoka nayo. Inaweza kutoa faili za .vox, na pia .qb zilizozoeleka kwenye programu ya kulipia ya Qubicle. Lakini Goxel inaikumbuka kila vokseli kwa rangi yake, haishiki namba ya kisanduku kama MagicaVoxel. Kwa gemu inayosoma rangi tu, hakuna shida. Kwa Teardown, utarudi kwenye mlango wa chuma.

Minecraft ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi hupoteza wiki nzima. Kwa kuwa dunia yake yote ni ya maboksi, mtu hudhani lazima atumie programu ya vokseli. Hebu tutengeneze meza ndogo. Boksi moja la Minecraft hugawanywa vipande 16 kila upande. Ubao wa juu una vipande 16 kwa 16, unene 2: vokseli 512. Kila mguu ni 2 kwa 2, kimo 14: vokseli 56, na miguu minne ni 224. Jumla vokseli 736 kwa meza moja. Sasa fungua programu ya Blockbench, utengeneze meza ileile kwa maboksi unayoyavuta kwa urefu unaoutaka: ubao mmoja, miguu minne. Maboksi matano. Minecraft inaelewa maboksi matano kwa urahisi zaidi kuliko 736, na muundo wa faili ambao Blockbench inautoa ndio gemu inaoutaka. Blockbench ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na unaweza kuitumia ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Hesabu hiyo ya maboksi inatufikisha kwenye uzito, jambo ambalo matangazo ya programu hayalisemi vya kutosha. Gemu nyingi hazichori vokseli moja kwa moja; huchora pembetatu. Chukua bonge la rangi moja, vokseli 10 kwa 10 kwa 10, yaani vokseli 1,000. Programu isiyo makini ikitoa kila mchemraba na nyuso zake sita, unapata nyuso 6,000, pembetatu 12,000, nyingi zikiwa zimefukiwa ndani ambako hakuna jicho litakalofika. Ikiondoa za ndani, zinabaki nyuso 600. Ikiunganisha nyuso za jirani zenye rangi moja, zinabaki sita tu, pembetatu 12. Bonge ni lilelile, lakini kwa kompyuta ya mchezaji wako ni tofauti ya gemu kukimbia na gemu kukwama. Ndiyo maana, unapopima programu, toa faili moja kisha uhesabu pembetatu zake. Kuna programu za bure zinazoifanya kazi hii vizuri.

Je, Qubicle ya kulipia haina maana? Inayo, kwa anayefanya kazi hii kila siku na anayetaka kuunganisha na kusafisha nyuso kwa utaratibu wake mwenyewe. Asiyewahi kuingiza hata kigoda kwenye gemu asiinunue kwanza. Jioni moja inatosha kupima: jenga kitu kidogo, kiingize kwenye gemu yako, kigonge, kizunguke, kitazame kwa chini. Na faili ya asili, ile uliyojengea, ihifadhi kando na ile uliyotoa kwa ajili ya gemu, kwa sababu nyuso zikishaunganishwa, kurudisha vokseli moja moja ni kazi ya kuanza upya.