Je, Wajua? Saba Saba Ina Historia Tatu

Je, wajua kwamba 7 Julai, yaani Saba Saba, imebeba kumbukumbu tatu? Mwaka 1954 chama cha TANU kiliasisiwa Dar es Salaam, kikakifanya Kiswahili lugha ya kudai uhuru. Mwaka 1990 Wakenya walijitokeza Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, ingawa viongozi wa madai hayo, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamewekwa kizuizini siku chache kabla. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Yupo atakayesema ni sadfa tu. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, huenda. Lakini UNESCO iliichagua ili kuienzi historia ya TANU. Tarehe haijipi uzito yenyewe: watu ndio huipa. Kwa hiyo tuna wajibu wa kuwasimulia watoto wetu habari zote tatu.