Shajara ya diski: kwa nini nafasi huombwa kabla ya kazi kuanza

Sisi tunaonukuu masimulizi na methali kwenye kompyuta tumezoea umeme kukatika bila taarifa. Ukirudi, kwa kawaida faili zinafunguka. Makala haya yanaeleza kinachoziokoa na kisichoweza kuziokoa.

Kuunda faili si tendo moja. Mfumo wa faili huandika jina katika saraka, hujaza rekodi ya faili, tena hubadilisha orodha ya sehemu huru za diski. Umeme ukikatika katikati, jina laweza kuelekeza mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo XFS, iliyotengenezwa na Silicon Graphics miaka ya 1990, na ext3, iliyoingia katika Linux mwaka 2001, huandika mabadiliko kwanza katika shajara. Mabadiliko yanayotegemeana hufungwa katika muamala mmoja, neno tunalolijua kutoka benki: ama yote yanahesabiwa, ama hakuna hata moja. Kompyuta ikiwaka tena, mfumo hurudia miamala iliyokamilika na kutupa isiyokamilika.

Shajara ina ukubwa maalumu, nayo huzunguka: ikifika mwisho, huandika tena juu ya maandishi ya zamani. Lakini maandishi hayo hayafutwi mpaka mabadiliko yake yafike mahali pake pa kudumu kwenye diski. Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme muamala umeanza, umetia kufuli vitu unavyobadilisha, kisha shajara ikajaa. Kupata nafasi ni lazima maandishi ya zamani yahamishwe. Huenda yanahusu vitu vilevile vilivyofungwa. Muamala unangoja nafasi, na nafasi inangoja muamala. Mfumo mzima unakwama.

Dawa ni kuomba nafasi kabla ya kugusa chochote. XFS hukadiria kwa baiti, ext3 kwa bloki, kiasi ambacho kazi ingehitaji katika hali mbaya kuliko zote. Nafasi isipotosha, muamala husubiri mlangoni bila kushika kufuli, huku maandishi ya zamani yakihamishwa. Kazi ikiisha, ziada hurudishwa. Kazi ndefu, kama kufuta faili kubwa iliyotawanyika, hukatwa kuwa miamala midogo inayofuatana, ili isidai shajara nzima kwa mara moja.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kwa kawaida shajara hulinda mpangilio wa faili, si maneno yaliyomo. Sentensi uliyoiandika bila kuihifadhi inapotea pamoja na umeme. Tena flashi nyingi tunazopeana zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauna shajara kabisa. Ukiichomoa flashi kabla ya kuitoa kwa utaratibu, waweza kuharibu hata saraka yenyewe. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hairekodiwi mara ya pili. Basi tuhifadhi kila baada ya dakika chache, na nakala ya pili ikae mahali pengine.