Ziwa Lililokauka: Namna ya Kusoma Hadithi ya Kubuni ya Kisayansi

Mwanafunzi asomapo hadithi fupi ya kubuni ya kisayansi, mara nyingi huuliza kwanza: “Je, jambo hili laweza kutokea?” Swali hili si baya, ila halitoshi. Mwandishi wa hadithi za namna hii si mtabiri. Yeye hubadili jambo moja katika maumbile, huziacha kanuni nyingine zifanye kazi yake, kisha huwatazama binadamu watatenda nini.

Tuchukue hadithi ya Mwingereza H. G. Wells iitwayo “The Star”, ya mwaka 1897. Gimba geni kutoka anga za mbali lagongana na sayari ya Neptuni. Vyote viwili vyawaka na kupita karibu na dunia. Barafu yayeyuka, mafuriko na matetemeko yaangamiza umati wa watu. Mwishoni mandhari yahamia Mirihi, ambako wataalamu wa nyota wastaajabu jinsi dunia ilivyopata madhara madogo! Kuhama huko kwa mandhari ndiko kunakozaa dhamira: msiba wetu mkubwa, kwa atazamaye kutoka mbali, ni kitu kidogo.

Sasa tusimame Mwanza, tubadili jambo moja tu: mvua. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 69,000, lakini kina chake kirefu kabisa ni kama meta 80, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikipungua kwa karne nyingi, ziwa litakauka. Hilo limekwisha kutokea: mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa yaonyesha kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita palikuwa na udongo mkavu wenye mizizi ya mimea.

Katika mandhari hayo Ukerewe si kisiwa tena, bali ni kilima. Mitumbwi ya Kirumba imelala juu ya udongo uliopasuka. Mto Nile hautoki tena Jinja. Hapo ndipo sayansi inapotufikisha, na hapo ndipo fasihi inapoanzia: mvuvi asiye na ziwa ni nani? Kisima cha mwisho ni cha nani?

Basi, mwalimu, waketishe pamoja wanafunzi wa sayansi na wa sanaa, uwape maswali matatu. Ni kitu gani kilichobadilishwa? Ni kanuni zipi zilizobaki? Ni nani aumiaye, na nani afaidikaye? Mawili ya kwanza huifunua mandhari; la tatu huifunua dhamira.