JEEP YA MINE INAINGIA MUJINI: KARATASI ZAKE ZIKO WAPI?

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana wenye kupenda mafundi ya motokari, mwezi huu tunazungumza juu ya jambo linalogusa jamaa nyingi. Huku kwetu, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, kuko jeep nyingi zilizotumika kwanza katika mine. Kampuni inauza, mtu ananunua, anaipeleka kwa fundi. Fundi anaipandisha juu, anatia magurudumu makubwa, anabadilisha moteri, anaunganisha mabenchi nyuma. Siku ya Mungu kwaya nzima inapanda. Watu wanasema: «Mutuka iko nguvu, itafika!» Ni kweli, itafika. Lakini je, sheria inaijua?

Duane kwanza

Kampuni za mine zinaruhusiwa kuingiza vyombo vya kazi kwa ushuru mdogo. Ni Sheria ya Mine ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inayotoa nafasi hiyo. Gari ikitoka kwao na kuingia mikononi mwa mtu wa kawaida, mambo ya duane lazima yatengenezwe. Basi, mbele ya kutoa feza, omba karatasi ya mauzo na karatasi za duane. Kisha inama, tazama kwa macho yako namba ya shasi. Ikiwa imekwaruzwa, ao haipatani na karatasi, acha gari hiyo, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

Kontroli, plake na karte roze

Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inataka kila gari liandikishwe, na liwe katika hali nzuri. Breki, taa, vioo vya kutazamia nyuma, usukani: yote yapimwe katika kontroli tekniki. Ikiwa usukani ulitolewa kuume na kuletwa kushoto, kazi hiyo iangaliwe sana. Mafundi wanajua pia kwamba jeep iliyopandishwa juu inapinduka upesi katika kona, zaidi ikiwa watu wamejaa nyuma.

Kisha ofisi ya kodi (DGI) inatoa plake na karte roze. Yale yaliyoandikwa mule yapatane na gari lenyewe. Ukibadilisha gari, geuza karatasi vilevile.

Asiransi: sema ukweli

Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye motokari analazimishwa kuwa na asiransi. Asiransi hiyo ya lazima haitengenezi gari lako: inalipa watu wengine ambao gari lako limewaumiza. Zamani SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na tangu 2019 kampuni nyingine pia zinauza asiransi. Lipa ofisini, chukua risiti. Usinunue karatasi njiani.

Sasa tufikiri. Jeep inagonga mtoto kando ya barabara. Mtu wa asiransi anakuja kutazama. Mkataba unasema pick-up ya viti 3. Yeye anakuta mabenchi, watu 12, na moteri nyingine. Hapo mabishano yanaanza. Mwenye kuficha jambo kwa kusudi anaweza kukuta mkataba umevunjika, na deni la hospitali linaangukia nyumba yake, masomo ya watoto wake. Na mama wa yule mtoto anangoja paka bure.

Kwa hiyo andika yote kwa asiransi: moteri, mabenchi, hesabu ya watu, kazi ya gari. Bei itapanda kidogo pengine. Ni afazali.

Neno la mwisho

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliamuru mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Anayejenga ndiye anayejibu. Vijana, ninyi mnaojua kuchomelea chuma, jeep yenu pia ni nyumba ya namna hiyo. Karatasi za kweli na asiransi ya kweli ni ukingo wake. Kabla kwaya haijapanda tena, baba na mama waketi pamoja, wafungue karte roze, wailinganishe na gari lililo inje.