Bei ya Mafuta ya Udi: Haki Iko Wapi?

(Mhadhara uliotolewa baada ya sala ya tarawehe, usiku wa 17 wa mwezi wa Ramadhani, katika ukumbi wa jumuiya yetu hapa London. Umeandikwa kutokana na sauti iliyorekodiwa.)

  

Usiku wa leo niliazimia kuendelea na darsa letu la adabu za itikafu. Lakini katika sanduku la maswali imo barua moja ambayo sikuweza kuiweka kando. Aliyeiandika ni dada yetu mmoja. Sitamtaja, nami nawaomba msijaribu kumtambua. Anaeleza kwamba kwa miaka 3 amekuwa akinunua mafuta ya udi kwa jumla kutoka Ghuba, akiyatia katika vichupa vya robo tola, na kuwauzia watu wa hapa, wengi wao wa jumuiya hii hii. Kichupa kinachomgharimu pauni 20 hukiuza pauni 60. Juu yake ameandika kuwa ni udi safi wa msituni. Mwezi wa Shaabani mteja mmoja, bibi wa makamo aliyekulia nyumba ya kufukiza, alimrudishia kichupa akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huu si udi mtupu." Dada yetu akayapeleka mafuta kwa mtu anayeijua kazi hiyo, naye akamthibitishia kuwa yamechanganywa na mafuta mengine, tena mchanganyiko wenyewe ni mwingi kuliko udi.

Anauliza mambo mawili. Je, faida ya mara tatu ilikuwa halali? Na afanye nini sasa, ilhali fedha zile zimekwisha kulipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto? Huenda mimi mwenyewe ninanukia mafuta yake usiku huu, kwa hiyo mnielewe ninaposema kuwa suala hili linatuhusu sote.

Tuanze na bei yenyewe, maana wengi wetu tunaponunua robo tola, kiasi kisichofika gramu 3, kwa fedha ya kulisha nyumba wiki nzima, huhisi kwamba pana mtu anatuibia. Nasi tuujue kwanza mti. Udi hautoki katika kila mti unaoitwa wa udi. Miti ya jenasi ya Aquilaria, inayoota kuanzia Assam na Sylhet hadi Burma, Laos, Kambodia, Malaysia na visiwa vya Indonesia, inapokuwa na afya njema huwa na mbao nyeupe, nyepesi, zisizo na harufu ya maana. Mti ukijeruhiwa, kwa mfano ukitobolewa na wadudu, na kuvu ikaingia katika kidonda hicho, hujitetea kwa kutoa utomvu mzito wenye kuufanya moyo wa mbao uwe mweusi. Utomvu huo ndio udi. Kwa hiyo tunachokifukiza katika vyetezo vyetu ni alama ya ugonjwa wa mti na ya mapambano yake, nao huchukua miaka mingi kukomaa. Miti ya msituni iliyopatwa na hali hiyo ni michache, wala haijulikani kwa urahisi kwa kuitazama nje. Mtafutaji asiye na ujuzi hukata mti mzima, na mwingine, na mwingine, akakuta mbao tupu.

Kisha mbao zenye utomvu hafifu, zisizofaa kufukizwa zenyewe, hukatwa vipande vidogo, hurowekwa majini kwa siku nyingi, hupikwa katika mitungi mikubwa kwa siku kadhaa, na mvuke wake hupozwa. Juu ya maji yale huelea utando mwembamba wa mafuta, unaokusanywa kwa subira. Kilo nyingi za mbao hutoa tola chache tu. Ongezeni juu ya hayo kwamba misitu imevunwa kupita kiasi. Tangu mwaka 1995 biashara ya aina iitwayo Aquilaria malaccensis iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na miaka kumi baadaye aina zote za mti huo zikaingizwa humo. Mzigo hautakiwi kuvuka mpaka bila kibali. Kitu adimu, chenye kazi ndefu na sheria nzito, hakiwezi kuwa rahisi, na anayekuuzia "udi safi wa msituni" kwa bei ya marashi ya kawaida ndiye wa kumtilia shaka kwanza.

Sheria yetu inasemaje kuhusu bei kubwa? Anas bin Malik amesimulia kwamba bei zilipanda Madina katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, watu wakamtaka awapangie bei. Alikataa. Aliwaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba yeye hutaraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Zingatieni kwamba kumpangia muuzaji bei bila sababu kumehesabiwa hapo kuwa ni jambo la kuogopwa kama dhuluma. Na Urwa al-Bariqi alipopewa dinari 1 anunue mbuzi, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari 1, akarudi na mbuzi na dinari yake kamili, Mtume alimwombea baraka katika biashara yake. Ile ilikuwa faida ya mara mbili iliyopatikana kwa muda mfupi, na hakukemewa.

Wako wanavyuoni, hasa miongoni mwa Wamaliki, waliojaribu kuweka kipimo cha kupunjika kupita kiasi wakataja theluthi. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, bei kubwa peke yake, pasipo hadaa, haivunji mauzo. Na makatazo ya kuhodhi bidhaa ili zipande bei, wanavyuoni wengi wameyaelekeza kwenye chakula na mahitaji ya lazima. Hakuna aliyekufa kwa kukosa udi, ingawa baadhi ya maharusi wetu wataniona nimekosea.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: kununua kwa 20 na kuuza kwa 60 si haramu kwa sababu ya tarakimu. Dada yetu amesafirisha, amelipa ushuru, amenunua vichupa, amekaa na mzigo usiotoka kwa miezi. Asihangaike na tarakimu. Haki katika jambo hili haikai katika ukubwa wa bei, inakaa katika kile ambacho upande mmoja unakijua na mwingine haukijui.

Hebu tuifuate tola hiyo nyuma mpaka ilikotoka. Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Na aliyeuza kwa njia hiyo akapewa hiari ya kuvunja mauzo atakapofika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mleta bidhaa hakujua thamani ya alichokibeba. Sasa mfikirieni mtafutaji wa udi katika misitu ya Kalimantan au Laos, anayeingia porini kwa wiki kadhaa kwa mchele na vifaa alivyokopeshwa na mnunuzi, naye analazimika kumrudishia mnunuzi huyo huyo kila alichokipata. Daraja za udi hazina kipimo kimoja duniani. Hutazamwa rangi, hunuswa, hutiwa majini kuona kama kipande kinazama. Anayeamua daraja ni mnunuzi, na mwuzaji ana deni. Mtu huyo hajafika sokoni kamwe. Hatujui wengi wetu kwamba bei tunayoilalamikia hapa yaweza kuwa kubwa mno kwetu na ndogo mno kwake kwa wakati mmoja, na zote mbili zikatokana na giza moja.

Jarir bin Abdullah, aliyempa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu, aliletewa farasi aliyenunuliwa kwa dirhamu 300. Alimwona kuwa ni bora kuliko bei hiyo, akamrudia mwenyewe akamwambia kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akaendelea kuongeza mpaka akamlipa 800. Simtaki kila mfanyabiashara awe Jarir. Naisimulia ili mjue kwamba masahaba waliuelewa ujuzi wa thamani kuwa ni amana.

Upande wa pili wa njia ni duka, na hapa ndipo barua inapouma. Kuchanganya udi si dhambi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Ibn Umar alipojifukiza alitumia udi mtupu, na mara nyingine akatia kafuri pamoja na udi, akasema ndivyo Mtume alivyokuwa akijifukiza. Mchanganyiko una mahali pake, na mafuta mengi mazuri ya haludi ni mchanganyiko. Kosa ni kukaa kimya, au kuandika jambo lisilo kweli juu ya kichupa. Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowana, hakuuliza bei. Aliuliza kwa nini sehemu iliyoloa haikuwekwa juu watu waione.

Siku hizi yako mambo mengine ya kuangaliwa. Mti wa udi hupandwa mashambani, hutobolewa makusudi na kutiwa kuvu, ukavunwa baada ya miaka michache. Mafuta yake ni udi wa kweli, nayo huipunguzia misitu mzigo, lakini thamani yake sokoni si ile ya msituni, na anayeuza cha shamba kwa jina la msitu ameficha. Vipande vya mbao nyeupe hupakwa rangi na kunyweshwa mafuta vikaonekana vizito na vyeusi. Na wako wanaowasomea wateja hadithi ya udi wa Kihindi wenye tiba saba ili wauze mafuta haya kwa bei ya dawa. Udi uliotajwa katika hadithi hiyo ni qusti, mzizi wa mmea mwingine kabisa, kama ilivyobainishwa ndani ya riwaya yenyewe. Anayejua tofauti hiyo akanyamaza ili auze, amefanya maneno ya Mtume kuwa tangazo la duka lake.

Sasa swali la pili. Dada yangu, popote ulipo ukumbini humu, hukujua, na asiyejua hana dhambi ya hadaa. Lakini haki ya mnunuzi haiondoki kwa kutojua kwa muuzaji. Wateja wako hawakununua kwa yule mtu wa Ghuba, wamenunua kwako. Wao wanakudai wewe, na wewe unamdai yeye. Vichupa vilivyobaki viondoe sokoni usiku huu huu, au uvibandike maelezo ya kweli na bei inayolingana nayo. Wateja unaowajua waarifu mmoja mmoja. Mwenye kichupa chake bado kizima ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake zote. Aliyekwisha yatumia hurudishiwa tofauti kwa uwiano: ikiwa udi safi wa sifa ile una thamani ya pauni 60 na mchanganyiko ule una thamani ya 20, upungufu ni theluthi mbili, basi aliyelipa 60 anarudishiwa 40, na uliyemfanyia wepesi ukamuuzia kwa 45 anarudishiwa 30. Waliohama na usioweza kuwapata hata baada ya kutafuta, toa sadaka kiasi chao kwa niaba yao, ukiweka nia kwamba akitokea mmoja wao akadai, utamlipa.

Najua utasema huna fedha hizo. Waeleze. Mwenye dhiki hupewa muhula, na Qur'ani imesema kuwa kusamehe ni bora zaidi. Lakini msamaha ni wa mtu anayejua anachokisamehe, ndiyo maana huwezi kuukimbilia kabla ya kuwaambia. Na nyinyi mtakaopigiwa simu kesho na keshokutwa, mkumbuke kwamba bibi yule alirudisha kichupa kwa faragha, akamwita mwanangu. Hakwenda kuandika katika kundi la simu la jumuiya.

Lipo jambo la tatu ambalo hakuliuliza, nami nitalisema kwa sababu wengi wenu mna biashara ndogondogo na mnatoa zaka katika mwezi huu. Mali ya biashara huthaminiwa kwa bei ya soko ya siku mwaka unapotimia, si kwa bei uliyonunulia, kisha hutolewa asilimia 2.5. Mwenye tola 10 za udi wa kweli azithamini kama udi wa kweli, hata kama alizinunua kwa bei nafuu miaka iliyopita. Na dada yetu avithamini vichupa vyake vilivyobaki kwa thamani ya kile kilichomo ndani yake.

Wabillahi tawfiq. Kesho inshaallah tutarejea kwenye itikafu.