Kiwanja kinakumbuka maji

Wenzangu, leo tuongelee ramani. Wengi kati yetu tulisoma topografia ili tupite mtihani tu, kisha tukaisahau. Lakini ile kozi inaweza kuokoa nyumba ya mtu, hata maisha yake. Tuangalie San Francisco, mji wa bandari kule Marekani, pembeni ya ghuba.

Mwaka 1848 kulikuwa watu karibu 1,000 tu pale. Dhahabu ikapatikana California, na kufika 1850 walikuwa kama 25,000. Ofisi ya serikali iliyokuwa inapima pwani, Coast Survey, ikatoa ramani ya mji mwaka 1853, kisha ingine 1859. Ndani yake unaona barabara, gati na vilima. Kwenye ramani ya topografia, vilima vinachorwa kwa mistari ya mwinuko, ile tunaita courbes de niveau: ikikaribiana, mteremko ni mkali, ikiachana, ni tambarare.

Sasa linganisha ramani za miaka mbalimbali. Mwanzoni mawimbi yalikuwa yanafika karibu na barabara ya Montgomery. Leo ukisimama pale, hauoni maji: mbele yako kuko magorofa. Ghuba ilienda wapi? Walichimba vilima vya mchanga, wakaumwaga mule majini. Hata meli zilizoachwa na watu waliokimbilia dhahabu zilifukiwa. Moja, Niantic, iligeuzwa kuwa ghala na hoteli, ikaungua 1851, na mabaki yake yakakutwa chini ya mji mwaka 1978.

Shida ni hii. Mchanga wa kujaza uliolowa maji, ukitikiswa sana, chembe zake zinaachana. Uzito wote unabaki juu ya maji, na udongo unakuwa sawa uji. Tetemeko la 1906 liliharibu vibaya sehemu zilizofukiwa. Mwaka 1989, mtaa wa Marina, uliojengwa pia juu ya udongo wa kujaza, uliumia sana, ingawa chanzo cha tetemeko kilikuwa karibu kilometa 100.

Sisi watu wa Bukavu, Uvira na Goma tuko pembeni ya maziwa, na ardhi yetu inatikisika pia. Ukienda kununua kiwanja, usiulize paka documents. Tafuta ramani ya zamani, uliza na wazee: hapa, mbele ya nyumba hizi, maji yalikuwa yanapita wapi?